Gavana wa Kivu Kaskazini na Barabara ya Kilomita 54

Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54. Nimezaliwa Butembo, na ingawa sasa naishi Dar es Salaam, barabara hiyo naijua kona kwa kona, maana ndiyo iliyompeleka baba sokoni na ndiyo niliyopita kila likizo nilipokuwa nasoma. Mtu anaponiuliza kama gavana fulani wa Kivu Kaskazini, jimbo letu la mashariki mwa Kongo, amefanya kazi au hakufanya, nami humuuliza swali moja kabla ya kumjibu: siku hizi kutoka Beni hadi Butembo gari linatumia saa ngapi, na abiria anatoa fedha mara ngapi njiani?

Julai 2022 nilipita njia hiyo nikiwa nimebanwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi pamoja na mama mmoja mnunuzi wa kakao, ambaye alikuwa amekwisha kuuza mzigo wake na anarudi nyumbani. Kabla hatujaondoka kituoni alifungua fundo la kitenge, akatoa noti za franka 500, zile zilizochakaa mpaka zikawa laini kama kitambaa, akaanza kuzikunja moja moja mara nne na kuzipanga kiganjani. Nilidhani anahesabu faida. Akaniambia, "Hapana, baba, hizi ni za bariere. Kila moja ina mwenyewe." Tulipofika kwenye kizuizi cha kwanza, ambacho kilikuwa kamba iliyofungwa vipande vya nailoni nyekundu kati ya miti miwili, dereva hakuzima hata injini. Noti moja ilitoka kiganjani mwa mama, ikapita kwa dereva, ikaishia kwenye mkono uliokuwa unasubiri nje ya dirisha. Kamba ikalegezwa, tukapita. Hakuna aliyeuliza kitambulisho wala kutazama ndani ya buti, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu tunaambiwa kwamba vizuizi vile vimewekwa ili wauaji wasipite, na siku ile muuaji mwenye franka 500 angepita kama tulivyopita sisi.

Watafiti waliohesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini mwaka 2017 walivipata karibu 800, vingine vikiwa vya jeshi la serikali, vingine vya idara mbalimbali za dola, na vingine vya makundi ya waasi. Kule Rutshuru na Masisi, makundi yenye silaha yamekuwa yakikusanya ushuru wa kila kaya ambao unaitwa "lala salama". Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya maneno hayo mawili ni ya kuagana usiku, na mama humwambia mtoto wake akimfunika shuka. Kwetu yamekuwa jina la fedha unayomlipa mwenye bunduki ili usiku huo asije kwako. Nimeanza na jambo hili kwa sababu naamini kwamba kazi yote ya gavana katika nchi yenye vita imo ndani yake: mwananchi yuko tayari kulipia usalama wake, tena analipa kila siku, lakini anayepokea siye anayepaswa kupokea, na anayepaswa kupokea hana cha kumpa.

Tangu Katiba ya mwaka 2006, gavana wa jimbo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchaguliwa na wabunge wa bunge la jimbo, naye ndiye mkuu wa serikali ya jimbo na mwenyekiti wa kamati ya usalama. Ukiyasoma hayo utadhani ni mtu mwenye nguvu. Katiba hiyo hiyo inasema kwamba jeshi na polisi ni mambo ya serikali kuu, na kwa hiyo gavana anaongoza kikao cha usalama ambamo kila aliyekaa mezani anapokea amri zake Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, mahali ambapo huwezi kufika kwa gari hata ukiwa na mwezi mzima wa subira. Anaweza kuomba kikosi kihamishwe kutoka kijiji kimoja kwenda kingine, na anaweza kulalamika kisipohamishwa. Kuamuru hawezi.

Upande wa fedha ni mbaya zaidi, na huu ndio upande ambao waandishi wengi wa habari huupita haraka kwa sababu hauna milio ya risasi. Ibara ya 175 ya Katiba inasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa ndani ya jimbo ni haki ya jimbo, na kwamba yakatwe papo hapo yanapokusanywa, kabla hayajaondoka. Ibara ya 181 ikaongeza mfuko wa taifa wa kusawazisha maendeleo kati ya majimbo, unaopaswa kupata asilimia 10 ya mapato yote ya serikali. Maneno hayo yaliandikwa na watu waliokwisha kuona jinsi nchi kubwa inavyokauka pembeni wakati kila kitu kinanywewa katikati. Kilichotokea ni kwamba fedha zote huenda Kinshasa kwanza, kisha Kinshasa hurudisha inachotaka, kwa mwezi inaoutaka. Fikiria Kasindi, kituo cha forodha mpakani na Uganda, ambako malori hupanga foleni mchana kutwa na ambako kakao ya Beni hutokea kwenda nje. Jimbo lenye mpaka wa namna hiyo halikupaswa kuwa la kuomba chaki za shule kwa wafadhili. Wazee wetu husema mkono mtupu haulambwi, na gavana wa Kivu Kaskazini amekuwa akienda kwa wananchi wake mkono mtupu tangu cheo hicho kilipoanza kupigiwa kura.

Julien Paluku aliingia madarakani mwaka 2007 akitokea kwenye umeya wa Beni, akakaa miaka 12. Wapo wanaomsifu na wapo wanaomlaumu, na mimi nina yangu ya kumlaumu, hasa kuhusu barabara za kwetu, lakini ipo picha moja yake ambayo haijanitoka. Novemba 2012 waasi wa M23 walipoingia Goma, makao makuu ya jimbo, gavana alihamia Beni na serikali yake, akafanya kazi huko mpaka waasi walipoondoka Goma mwanzoni mwa Desemba. Watu wa Beni na Butembo, ambao siku zote walinung'unika kwamba Goma imewasahau, ghafla walimwona gavana akiwa jirani yao. Wakati ule tulidhani ni jambo la ajabu litakalotokea mara moja tu.

Kisha yakaja mauaji ya Beni. Yalianza Oktoba 2014 na hayajakoma hata leo: watu wanakatwa kwa mapanga mashambani, nyumba zinachomwa, na wengi wa wanaouawa ni wakulima waliokwenda kuvuna kakao yao wenyewe. Lawama nyingi zimeelekezwa kwa waasi wa ADF waliotoka Uganda. Carly Nzanzu Kasivita alipochukua ugavana mwaka 2019 alikuta vita hivyo, tena akakuta Ebola, ambayo ilikuwa imelipuka katika eneo letu Agosti 2018 na kuua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Alikuwa gavana wa kiraia mwenye vita viwili na bila amri juu ya askari hata mmoja.

Aprili 2021 wanafunzi wa shule za Beni walifanya jambo ambalo ni lazima likumbukwe. Walijikusanya kwenye ofisi ya meya, wakapiga kambi pale, wakalala nje usiku, watoto wenye sare za shule, nyeupe na buluu, wakisema hawarudi darasani mpaka Rais aje awaone. Walitaka mauaji yakome. Siku chache baadaye, tarehe 3 Mei, Rais Félix Tshisekedi alitia saini amri ya kutangaza kile ambacho Katiba inakiita hali ya kuzingirwa, na ambacho wengi wetu tumezoea kukiita utawala wa dharura wa kijeshi, katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri. Kuanzia tarehe 6 Mei magavana wa kiraia waliondolewa, mabunge ya majimbo yakasimamishwa, mameya na wakuu wa wilaya wakabadilishwa na maofisa wa jeshi na polisi, na mahakama za kijeshi zikapewa mamlaka ya kuwahukumu raia kwa makosa ya jinai. Luteni Jenerali Constant Ndima akapewa Kivu Kaskazini. Luteni Jenerali Johnny Luboya Nkashama akapewa Ituri.

Watu walishangilia, na mimi mwenyewe, nikiwa Dar es Salaam, nilimpigia kaka yangu simu kumpa hongera kana kwamba kuna harusi. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: kama shida ya gavana ni kwamba hawezi kuamuru jeshi, basi awe jenerali. Katiba inaruhusu siku 30, kisha bunge la taifa linaweza kuongeza siku 15 kila mara. Bunge liliongeza, likaongeza tena, na kufikia Agosti 2023 lilikuwa limeongeza zaidi ya mara 50.

Nimefikiri sana kuhusu miaka hiyo, na nimefika mahali pa kuamini kwamba kumvisha gavana magwanda kulimpa sehemu moja ya alichokosa na kumnyang'anya sehemu iliyokuwa bora zaidi. Fedha hazikuongezeka, asilimia 40 ilibaki karatasini vilevile. Amri juu ya jeshi aliipata kwa jina, huku operesheni zikiendelea kuendeshwa na makao makuu. Lakini bunge la jimbo lilipofungwa, mbunge aliyekuwa anaweza kumwita gavana na kumuuliza kuhusu daraja lililoanguka aliambiwa akae nyumbani. Meya aliyejulikana kwa jina la babu yake aliondoka, akaja ofisa ambaye hajui mtaa upi unafurika maji mvua ikinyesha. Vijana wa vuguvugu la Lucha walioandamana Beni mnamo Novemba 2021 kuupinga utawala huo walikamatwa, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawahukumu kifungo cha miezi 12. Walikuwa wamefanya kile kile walichofanya wanafunzi miezi michache kabla yao: kumwambia mtawala kwamba mauaji hayajakoma.

Vizuizi vya barabarani navyo havikupungua. Safari yangu na yule mama wa kakao ilikuwa katika mwaka wa pili wa utawala huo wa kijeshi, wakati gavana alikuwa jenerali, meya wa Beni alikuwa ofisa wa polisi, na mkono ulionyooshwa dirishani ulikuwa wa mtu ambaye gavana alikuwa na uwezo wa kumweka ndani siku hiyo hiyo. Kama kungekuwa na jambo moja ambalo gavana wa kijeshi angeweza kulifanya bila senti moja kutoka Kinshasa, lilikuwa hilo la kukata zile kamba kilomita kwa kilomita, kuacha chache zinazokagua kweli, na kutangaza redioni kwamba atakayedaiwa fedha atoe taarifa kwa namba fulani. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu lingewezekana.

Haki inanitaka niseme pia kuhusu Ituri, kwa sababu kule mambo hayakufanana kabisa. Luboya alirithi jimbo ambalo wanamgambo wa CODECO walikuwa wanachoma vijiji vya Djugu, na mwanzoni mwa Februari 2022 waliingia usiku katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo wakaua watu wapatao 60, wengi wao kwa mapanga. Hata hivyo, mwishoni mwa Mei 2023 makundi kadhaa yenye silaha yalikusanywa Aru, mji ulio mbali na mapigano, yakazungumza siku kadhaa, na tarehe 1 Juni yakatia saini ahadi ya kusitisha uhasama. Ahadi hiyo imevunjwa mara nyingi. Lakini wenyeji wa Ituri ninaowafahamu wananiambia kwamba zipo barabara zilizofunguka kwa miezi, na soko ambalo halikuwa limekaa kwa muda mrefu likakaa. Ninachokiona hapo ni kwamba hata chini ya jenerali, kilicholeta unafuu kidogo kilikuwa watu wa jimbo lenyewe kukaa meza moja na kuzungumza lugha zao.

Goma ilikwenda njia nyingine. Alfajiri ya tarehe 30 Agosti 2023 askari waliwafyatulia risasi waumini wa dhehebu moja waliokuwa wanajiandaa kuandamana kupinga majeshi ya kigeni, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ilikuwa wiki mbili tu tangu kumalizika kwa mkutano mkubwa wa Kinshasa ambamo wajumbe wengi kutoka majimbo yetu walisema waziwazi kwamba utawala wa kijeshi uondolewe. Kanali mmoja alihukumiwa kifo Oktoba mwaka huo. Jenerali Ndima aliitwa Kinshasa na hakurudi kwenye kiti chake. Nafasi yake ikachukuliwa na Jenerali Peter Cirimwami. Siku ya mauaji yale kaka yangu ndiye aliyenipigia mimi, akakaa kimya kwenye simu muda mrefu, kisha akasema, "Hawa ndio tuliwashangilia."

Cirimwami alikufa Januari 2025 kwa majeraha aliyoyapata katika uwanja wa vita karibu na Sake, kilomita ishirini na kitu kutoka Goma. Sijawahi kusikia nchi nyingine katika ukanda wetu ambayo gavana wa jimbo alipigwa risasi akiwa mstari wa mbele, na siku habari hiyo ilipotoka niliyaweka kando yote niliyokuwa nayo dhidi ya utawala wa kijeshi. Alikwenda mahali ambapo askari wake walikuwa. Siku chache baadaye, tarehe 27 Januari, M23 na askari wa Rwanda waliokuwa pamoja nao waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu, makao makuu ya Kivu Kusini. Kinshasa ikamteua Jenerali Evariste Somo Kakule kuwa gavana wa Kivu Kaskazini, naye akaanza kazi Beni, kama Paluku mwaka 2012. Waasi nao wakamtangaza Bahati Musanga kuwa gavana, akakaa Goma. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, ambaye alikuwa amechaguliwa na bunge la jimbo, akahamia Uvira, na Bukavu ikawekewa gavana mwingine.

Kwa hiyo jimbo letu lina magavana wawili, na kila mmoja ana bendera mezani, ana msemaji, ana kamati ya usalama, na anazungumza kuhusu maendeleo. Wa Goma anahimiza salongo, watu wakafagie mitaa na kuzibua mitaro kila wiki, na wengine hutuma picha za mitaa iliyo safi kunionyesha kwamba mambo yametulia. Nami nawauliza kuhusu benki, ambazo milango yake ilifungwa tangu Januari ile, na kuhusu uwanja wa ndege ambao ndege za abiria hazitui tena. Wa Beni yuko karibu na watu wangu, na sehemu kubwa ya anachoweza kukitegemea ni barabara ambazo Uganda na Kongo zilikubaliana kuzijenga pamoja, jumla ya kilomita 223: kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni, kilomita 89 kutoka Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru, na kilomita 54 zangu. Kipande cha Bunagana kiliangukia mikononi mwa waasi tangu Juni 2022. Vya kwetu ndivyo vilivyobaki kuwa tumaini.

Simwombei Jenerali Somo mabaya hata kidogo. Ninachotaka kwake, na kwa yeyote atakayemfuata, ni kwamba lami hiyo ikiisha isiwe njia nzuri zaidi ya kufikia kizuizi kinachofuata. Na ninachotaka kwa Kinshasa ni ile asilimia 40, pamoja na bunge la jimbo lililofunguliwa kwa upande ambao bado uko mikononi mwa serikali, ili gavana, awe amevaa suti au magwanda, awepo mtu wa kumuuliza.

Binamu yangu ana kiwanja Goma, upande wa kuelekea uwanja wa ndege, alichokinunua mwaka 2019 kwa akiba ya miaka tisa ya kuuza viatu. Karatasi zake zilikuwa zimebakiza saini moja vita vilipofika. Mwezi uliopita aliniambia kwamba ofisi ya Goma iko tayari kumpigia muhuri, lakini anaogopa kwamba siku moja muhuri huo utahesabiwa kuwa kosa. Na Beni wamemwambia hawawezi kupiga muhuri kwa kiwanja ambacho hawawezi kwenda kukipima. Karatasi amezifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akazishona ndani ya mto anaolalia.